Matanga ya Emil

Jumanne, 5 Septemba

Chuo kimefunguliwa. Anna ameondoka na mkate mkononi, nywele hazijachanwa, kikombe kakiacha mezani kama vile nyumba hii ina mtumishi. Mwaka wa tatu huu. Baba yake angekuwepo angemsindikiza mpaka kituo cha treni ya Metro huku akimpa nasaha ambazo hakuna aliyeziomba. Tito alipofariki nilirithi kazi ya nasaha, lakini binti hakai karibu nizitoe.

Jioni kikao cha kamati ya misiba, hapa sebuleni kwangu. Nimechaguliwa tena kuwa mwenyekiti na hakuna aliyejitokeza kushindana nami. Sijisifu, naandika ukweli: Lanham nzima, huku ughaibuni, hakuna kamati kama yetu. Awe Mtanzania, Mkenya au Mkongo, akifiwa asubuhi, mchana viti viko uani na chai iko jikoni. Na akifia huku mtu asiye na ndugu, tunamlilia sisi. Hiyo ndiyo kanuni yetu ya kwanza, niliitunga mimi: hakuna atakayeondoka bila kuliliwa. Elieth, makamu wangu, aliipigia makofi siku ile mpaka bangili zikalia. Elieth ndiye aliyeingia wa kwanza mlangoni kwangu Tito alipofariki, na sufuria yake kubwa ya pilau. Hilo silisahau.

Jumatano, 13 Septemba

Mvua. Mzee ninayemhudumia kazini kule Rockville amekataa kuoga, akakubali kuimba.

Jumapili, 17 Septemba

Leo nimesikia jina. Anna alikuwa kwenye simu na rafiki yake Lorraine, wanasoma darasa moja la historia. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na mimi nilikuwa napita na nguo, napita polepole. Anasema Emil ni mhudumu wa hoteli. Emil anapenda dansi. Emil ana suti moja tu lakini anaipiga pasi kila siku. Na sauti ya Anna ilikuwa laini, sauti ambayo sijaisikia tangu baba yake alipokuwa hai.

Sijauliza. Mtoto aliyelelewa vizuri humleta mtu nyumbani mwenyewe.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimemwambia Elieth. Anasema Emil lazima awe Mkongo, Wakongo ndio wenye suti na dansi. Ameshaanza kuniuliza sare tutavaa kitenge cha rangi gani. Nimemwambia atulie. Lakini usiku huu nimelala nikiwaza rangi ya zambarau.

Jumatano, 4 Oktoba

Emil amekamatwa! Nimesikia kwa masikio yangu, Anna akimwambia Lorraine: jirani ndiye aliyemchongea, polisi wakamfuata kazini kwake, mbele ya wageni wa hoteli. Nikajiuliza kama kijana hana karatasi za kuishi nchi hii. Siku hizi mtu hachelewi kuchukuliwa.

Nilimpikia Anna ndizi na nyama. Akala kijiko kimoja. Nikasema, "Mwanangu, kama kuna jambo linakusumbua, mimi mama yako nipo." Akasema, "Ni shule tu, Mama." Shule!

Jumatano, 11 Oktoba

Anna hali chakula vizuri. Halali vizuri. Na mimi pia.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku hii niiandike yote, hata kama mkono utauma.

Saa tano asubuhi nilikuwa naosha gari, simu ikalia. Anna, kutoka maktaba ya mjini. Analia. Si kulia kwa kitoto, ni kile kilio kinachokata pumzi. "Mama, Emil is dead. They killed him, Mama. Walimuua." Nikamwambia njoo nyumbani mwanangu, njoo sasa hivi. Akasema anaingia kwenye treni, simu ikakatika.

Mimi si mtu wa kukaa nikashika kichwa. Nilifungua kundi la WhatsApp nikaandika: "Ndugu zangu, tumepata msiba. Mchumba wa Anna, kijana Emil, ameuawa. Msiba uko nyumbani kwangu." Nikaweka simu chini, nikabandika maji ya chai.

Naandika kwa fahari, hata baada ya yote yaliyofuata: kamati yangu ilifanya kazi. Gwakisa, mume wa Elieth, alikuja na viti. Cherono, nesi Mkenya wa mtaa wa pili, alitoka zamu akaja na sare yake ya kazini, begani kajitupia kanga. Mzee Respicius, msoma sala wetu, alifika na biblia na miwani yake yote miwili. Elieth akaingia na sufuria ile ile, akaibandika jikoni, akanikumbatia, akaanza kulia. "Hata hatujamuona, Leokadia! Mtoto wa watu, hata hatujamuona!" Nikalia naye. Nyumba ikajaa, viatu mlangoni vikawa mlima.

Anna alifika katikati ya wimbo. Akasimama mlangoni, begi begani, macho yamevimba.

"Shikamooni," akasema. Kisha, "Nani amekufa?"

Wanawake wakapaza kilio kikubwa zaidi. Nikamshika mikono. "Mwanangu, tuko na wewe. Emil wako!"

Alinitazama. Akawatazama watu, viti, Mzee Respicius na biblia. Akasema polepole, "Mama. Emil died in 1942."

Halafu Cherono akaangua kicheko, akajiziba mdomo na kanga, na Gwakisa naye, na mimi mwenyewe, machozi bado shavuni. Anna naye alicheka, kwa mara ya kwanza katika wiki kadhaa. Tukamkalisha, akatueleza. Mwalimu wao kamtaka kila mwanafunzi achague mtu mmoja aliyeteswa na Wanazi wa Ujerumani, amfuatilie muhula mzima, tangu kuzaliwa mpaka mwisho. Yeye kachagua Emil, mhudumu wa hoteli wa mji wa Hamburg. Leo ndiyo kafika mwisho wake.

"Pole sana," akasema Mzee Respicius, na alisema kweli kabisa. "Alikuwa Myahudi?"

"Hapana."

"Sasa walimuua kwa kosa gani?"

Anna alikunja na kukunjua mkono wa sweta yake. Alijibu kwa Kiswahili, naye hajibu kwa Kiswahili akiweza kukwepa. "Alimpenda mwanaume mwenzake. Anaitwa Otto. Walikuwa wanacheza dansi pamoja."

Sikumuona Elieth alipoinuka. Nilisikia mfuniko. Alitoka jikoni kashika sufuria yake kwa taulo langu la mikono, mvuke unatoka, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu. Mlangoni akasema, "Mngetuambia mapema tunamlilia nani." Gwakisa akamfuata na viti viwili, basi tu kwa sababu hakujua afanye nini. Wengine wakaanza kutafuta viatu.

Cherono hakutikisika. "Mimi nishakaa," akasema. "Aki nimetoka night shift, nimeketi, siinuki. Anna, endelea. Huyo Otto, yeye alipelekwa wapi?"

Lakini Anna hakuendelea. Alikuwa anatazama meko, pale sufuria ilipokuwa.

Jumapili, 15 Oktoba

Ujumbe kwenye kundi hauhesabiki. Wengine wanacheka, wengine wametukana kistaarabu kwa mistari ya biblia. Wanataka mwenyekiti aombe radhi kikaoni, tarehe kumi na moja Novemba, kwa "kuidhalilisha kamati". Anayeshikilia zaidi ni Elieth. Nina hasira mpaka meno yanauma, na sijui vizuri hasira hii ni ya nani.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimemwambia Anna anieleze huyu Emil kutoka mwanzo. Kama nimemlilia, nimjue.

Kifungu cha sheria cha kuwakataza wanaume kupendana kilikuwepo zamani, akasema, namba mia moja sabini na tano. Wanazi wakakikaza mpaka hata kumtazama mwanaume mwenzako kwa matamanio kukawa kosa. Emil alifungwa, akamaliza kifungo chake, na siku ya kutoka gerezani polisi walikuwa wanamsubiri getini. Wakampeleka kambini. Wakamshonea kifuani pembetatu ya waridi ili kila mtu ajue, na wafungwa wenzake wengi nao wakamkimbia. Kazi ya matofali, njaa, viboko. Akafa humo.

"Na Otto?"

Otto alinusurika. Lakini vita vilipokwisha, Wanazi walipoondoka, kifungu kile hakikuondoka. Kilibaki miaka na miaka. Waliotoka kambini wengine walirudishwa gerezani kwa kosa lile lile. Kwa hiyo Otto hakuweza kumwambia mtu kuwa amefiwa. Angesema, angekamatwa.

Mimi kazi yangu ni misiba. Nimeona waliofiwa na mtoto, nimeona waliosafirisha jeneza mpaka Bukoba, mimi mwenyewe nimemzika Tito. Lakini mtu kufiwa na kulazimika kuficha kuwa amefiwa, kuvaa nguo za kawaida asubuhi na kwenda kazini! Hilo lilinichoma kuliko matofali.

Nikauliza, "Na wanawake je? Walikuwepo wa hivyo?"

Anna akasema kumbi zao za kukutania zilifungwa, magazeti yao yakapigwa marufuku, wengine waliolewa haraka ili wajifiche. Sheria ya Ujerumani haikuwataja, lakini wapo waliopelekwa kambini kwa jina la kosa jingine. Alisema yote hayo akiangalia vidole vyake.

Jumapili, 22 Oktoba

Tulikuwa tunaosha vyombo. Yeye anaosha, mimi nafuta. Akasema, "Mama, ile sufuria."

"Achana na sufuria ya Elieth. Ana hasira zake, zitaisha."

"Ningekufa mimi, angeichukua?"

"Wewe umefanya nini achukue?"

Akafunga maji. "Sijafanya kitu. Niko hivyo hivyo kama Emil. Mimi na Lorraine." Kisha akaongeza haraka haraka kwa Kiingereza kwamba hakutaka nijue kwa njia hii, kwamba alichagua Emil ili siku moja aweze kunisimulia habari zake kwanza, anione nitafanya uso gani.

Lorraine. Yule anayekula ndizi zangu mpaka anakwangua sufuria, anayenisalimia shikamoo kwa lafudhi ya Baltimore.

Niandike ukweli, humu hakuna wa kunisikia. Niliogopa. Nilimuona mama yangu Bukoba, nikaona kanisa, nikaona kundi la WhatsApp. Nilitaka Tito awe hai aseme neno moja. Nilikasirika pia kwamba kitenge cha zambarau hakipo tena, ujinga gani huo, lakini nilikasirika. Anna alikuwa amesimama na povu mpaka viwikoni, anasubiri uso wangu. Mtoto wangu, ndani ya nyumba yangu, ananisubiri kama mtu anayesubiri hukumu.

Nikasema, "Mimi mambo haya siyaelewi." Akainamisha kichwa. "Lakini siku yoyote, kwa sababu yoyote, msiba wako au furaha yako, sufuria haitoki jikoni kwangu. Umenisikia? Nitailalia juu."

Akacheka akilia, akanikumbatia na povu lake lote, blauzi yangu ya kanisani ikaloa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Baridi imeingia. Nimewasha hita.

Jumamosi, 4 Novemba

Elieth kapiga simu. Anasema ananipenda, ndiyo maana anasema. "Omba radhi, Leokadia, neno moja tu, yaishe. Watu wanaanza kuuliza kwa nini binti yako alichagua mtu wa aina ile." Nikaelewa anachouliza. Nikamwambia tutaonana kikaoni. Zamani tulikuwa tunaongea mpaka simu inakuwa moto sikioni. Leo nilikata kwanza. Nimelia kwenye gari, sehemu ya kuegesha ya duka, mbele ya watu na matoroli yao.

Jumamosi, 11 Novemba

Kikao. Ukumbi wa chini wa kanisa, umejaa. Hata wasiokuja kwenye misiba walikuja. Nimevaa gauni nililovaa kwenye harusi ya Elieth, makusudi, lile tulilolishona pamoja.

Wakanipa nafasi nizungumze. Nilikuwa nimeandika, nikaona miwani nimeiacha nyumbani, nikasema tu.

"Kuandika kuwa ni mchumba wa Anna, hilo ni kosa langu, sikuuliza, na kwa hilo naomba radhi. Mlitoka makwenu, mkapika, mkaja. Lakini kumlilia Emil siombi radhi. Kanuni yetu ya kwanza inasema hakuna atakayeondoka bila kuliliwa. Haikuandikwa 'isipokuwa fulani'. Sisi kwenye misiba hatukagui kitanda cha marehemu. Tunauliza jeneza linafika lini na kama chai imetosha. Tumewazika walevi. Tumewazika waliokimbia wake zao. Tumemzika mtu humu, simtaji, alikuwa anatudanganya sote, tukamlilia mpaka sauti zikakauka."

Watu waligunaguna. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Lakini huyo hata si wetu, mama."

"Alikuwa na mama," nikasema. "Na mtu aliyempenda hakuruhusiwa hata kulia. Mimi nimefiwa na mume, na ninyi mlinishika mkono. Sitaki kufikiria Tito amekufa halafu nakatazwa kusema." Nikawatazama wote. "Tena niseme lililobaki, lisisemwe nyuma yangu. Binti yangu Anna ni kama Emil. Ameniruhusu niwaambie. Kesho keshokutwa kama atapata lolote, anayetaka kuja kwangu atakaribishwa na anayetaka kubaki kwake abaki. Uenyekiti huo hapo, chukueni. Lakini matanga tuliyafungua na hatujayamaliza, na mimi sijawahi kuacha matanga yamening'inia. Jumamosi tarehe mbili Desemba, nyumbani kwangu. Wasifu wa marehemu utasomwa."

Nikakaa. Anna alikuwa nyuma kabisa, kasimama wima ukutani, kidevu juu, baba yake mtupu. Sijawahi kujivunia kitu hivyo katika maisha yangu.

Uamuzi wa uenyekiti wameuahirisha. Elieth aliondoka bila kuniaga.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu ya shukrani ya wenyeji wa huku, ya bata mzinga. Mimi nimepika kuku. Lorraine kala mara mbili. Nimemwangalia vizuri kwa mara ya kwanza: anamchagulia Anna vipande vilivyoiva vizuri.

Jumanne, 28 Novemba

Anna anafanya mazoezi ya wasifu kwa Kiswahili, anatembea sebuleni. Picha ilikuwa tatizo. Iliyopo ni ya polisi, nywele zimenyolewa. Nikamwambia picha ya polisi haiwekwi mezani kwangu, marehemu huwekewa picha ya siku njema. Kachimba tena, kapata moja ya wafanyakazi wa hoteli, Emil pembeni, anacheka na mtu asiyeonekana. Tumeikuza.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Nilipanga viti nikasema kama hakuna atakayekuja tutakuwa watatu, mimi, Anna na Lorraine, na Emil wa nne.

Cherono alikuja na mume wake, na maandazi. Mzee Respicius akaja, akasema mlangoni, "Sijasema nakubali mambo yote. Nimekuja kusoma sala, ndiyo kazi yangu." Nikamwambia hiyo inatosha, ingia, kuna baridi. Wakaja wengine, wachache, wengi wao wanawake, wengine wakiangalia barabarani kwanza. Mama mmoja Mkongo nisiyemjua alikaa kona akalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, sikumuuliza analilia nani.

Anna akasimama karibu na picha. Kiswahili chake kinachechemea, lakini hakukwama hata mara moja.

"Marehemu Emil alizaliwa Hamburg, mtoto wa pili wa mama mfuaji nguo. Alisoma, akapata kazi ya hoteli, akaipenda. Alipenda dansi na shati safi. Aliuawa akiwa na miaka thelathini na moja. Marehemu ameacha mama, dada mmoja, na mwenzake wa maisha, Otto."

Hapo Mzee Respicius aliinua kichwa. Nikangoja. Akasema, kama anavyosema kwenye kila msiba, "Bwana awafariji." Na sote tukaitikia.

Tulikuwa tunaimba mlango ulipogongwa. Gwakisa, barafu mabegani, kabeba sufuria kubwa, ya moto. Alipita moja kwa moja jikoni akaibandika pale pale. Nikamuuliza Elieth yuko wapi. "Yuko ndani ya gari. Amepika tangu alfajiri. Anasema haingii."

Nilikuwa natafuta viatu vyangu nimfuate, lakini Anna alishachota sahani. Alijaza pilau, akaweka kachumbari pembeni, akachukua kijiko, akarudi akachukua kingine. Akatoka bila koti. Nilimuona dirishani akigonga kioo cha gari. Ilichukua muda. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, Anna akaingia, ukafungwa. Vioo vikajaa mvuke, sikuona tena. Ila baadaye nilisikia injini ikizimwa.

Jumatatu, 4 Desemba

Anna hajaniambia waliongea nini, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, sikupita polepole. Elieth kaniandikia mstari mmoja leo: leteni sufuria mkipita huku.

Sufuria iko hapa jikoni. Nimeisugua mpaka inang'aa. Sipiti huko. Atakuja kuichukua mwenyewe, na siku hiyo Anna ndiye atakayemfungulia mlango.